Kibanja si kiwanja, Afande

Swali la wiki hii limetoka Arua, kwa sajini mstaafu. Nimelifupisha kidogo:

“Habari za kazi, mzee. Nimestaafu jeshini mwaka jana. Nina mke na watoto wanne, wawili wako sekondari. Kiinua mgongo changu pamoja na akiba ya mama watoto ni shilingi milioni 70. Broka mmoja ananiuzia kibanja upande wa Namugongo, Manispaa ya Kira, futi 50 kwa 100, anasema ni hatua chache kutoka kwenye lami. Nataka nyumba nyuma, na mbele hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi. Watu wanasema mji ule unakua mbio. Je, ni mahali pazuri pa kuishi na kufanya biashara, au nitatupa hela? Nijibu kwa Kiswahili tafadhali, Kiluganda changu ni cha kuombea maji.”

Jambo, Afande. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili macho yalinikwama kwenye neno kibanja.

Mimi nimezaliwa kota za polisi pale Naguru, kwa hiyo najua sikio letu linavyotudanganya. Broka akisema kibanja, sisi watoto wa kambini tunasikia kiwanja. Tunaviona vigingi vinne, futi zetu 50 kwa 100, na nyumba imeshaezekwa kichwani. Muganda anayekuuzia hajasema hivyo. Kibanja ni haki ya kukaa na kuitumia ardhi ambayo mwenyewe ni mtu mwingine, na hati iko mkononi mwa huyo mwingine.

Hii ina historia. Mwaka 1900, katika Mkataba wa Buganda, ardhi iligawiwa kwa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine, ndiyo maana mpaka leo inaitwa mailo. Watu waliokuwa wakilima juu ya maili hizo walibaki pale pale, wakawa wanamlipa mwenye mailo busuulu, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka. Sheria ya mwaka 1928 iliwakinga wasifukuzwe ovyo. Amin aliifuta mailo mwaka 1975, Katiba ya 1995 ikairudisha, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikajaribu kuwakalisha mwenye hati na mwenye kibanja kwenye mkeka mmoja. Kwa hiyo usiniambie nimesema kibanja ni utapeli. Kuna familia zimezika babu na babu wa babu kwenye vibanja vyao, na mahakama inawatambua.

Ila wewe hujazika mtu pale. Wewe unanunua. Na hapo sheria ina meno: mwenye kibanja akitaka kuuza, lazima kwanza ampe mwenye mailo nafasi ya kununua. Tangu marekebisho ya mwaka 2010, anayeruka hatua hiyo ametenda kosa linaloweza kumpeleka jela hadi miaka 4, mauzo yenyewe ni batili, na haki ya kibanja inapotea. Yaani muuzaji ameshakula hela, na ulichonunua kimeyeyuka. Sasa muulize broka wako swali moja: mwenye mailo ni nani, na barua yake ya kukubali iko wapi? Akianza kusema “mwenyewe yuko Uingereza” au “hapa hatuna mwenye mailo, ni LC tu”, mwambie unarudi Arua kufikiri.

Hiyo LC, yaani baraza la kijiji au mtaa, nayo tuielewe. Mwenyekiti wa LC 1 ni shahidi mzuri sana. Anajua nani ni mtoto wa nani, nani aliuza mara mbili, mke gani alilia mkutanoni. Mtembelee, na utembelee majirani wa pande zote nne bila broka kuwepo. Lakini muhuri wake kwenye karatasi ya mauzo haukupi ardhi. Nimeona wanajeshi wastaafu wakilaminisha karatasi hiyo na kuitundika sebuleni kama cheti cha medali.

Kama muuzaji mwenyewe ana hati, kazi ni nyepesi zaidi, japo si ya kulala. Chukua namba ya bloku na ya ploti. Upande wa Kira hati huandikwa Kyadondo, kisha bloku, kisha ploti. Nenda mwenyewe ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi pale Wakiso, au mtume wakili wako, wala usimtume wakili wa broka. Omba taarifa ya ploti hiyo: jina lililoandikwa ni la nani, kuna rehani ya benki, kuna kaveati, yaani zuio la mtu anayedai haki juu yake? Kisha mpeleke mpimaji aliyesajiliwa akafungue mipaka, ayatafute mawe chini ya udongo. Futi 50 kwa 100 ni desimali 11 na nusu hivi, kwa kuwa ekari moja ni desimali 100. Mtu akikuuzia “desimali 12” halafu kamba ikasoma 9, hizo zilizopotea utazilipia wewe. Na ikiwa muuzaji anaishi pale na mkewe, mke atie saini ya kukubali. Ni matakwa ya sheria kwa ardhi ambayo familia inaishi juu yake na kula kwayo, na kwangu mimi ndiyo dawa ya nusu nzima ya kesi ninazozijua.

Namugongo yenyewe sasa. Usiende kuiona mwanzoni mwa Juni. Broka anapenda kuwaleta wateja siku hizo, kwa sababu kila tarehe 3 Juni mahujaji wanafika kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliochomwa moto pale mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao, na njia nzima kutoka Kyaliwajjala inakuwa soko. Wakenya, Watanzania na Wakongo wamejaa, wengine wametembea kwa miguu majuma kadhaa, Kiswahili kinasikika kila hema. Utasimama ukiangalia umati ule useme biashara ndiyo hii. Tarehe 5 vijana wanafagia chupa za maji na mtaa unarudi kuwa mtaa wa watu waliokwenda kazini mjini.

Maana ndivyo ulivyo. Kira ni mji wa kulala. Wilaya ya Wakiso, inayoizunguka Kampala, ilikuwa na watu 907,988 katika sensa ya 2002. Mwaka 2014 walifika 1,997,418, na kati yao Manispaa ya Kira peke yake ilihesabu 317,157. Sensa ya 2024 imeikuta Wakiso na zaidi ya milioni 3, huku Kampala yenyewe haijafika milioni 2. Watu hawa hawakuletwa na kiwanda kimoja. Walisukumwa na kodi za nyumba za mjini, wakavutwa na barabara. Ile barabara ya mzunguko wa kaskazini, kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilipofunguliwa mwaka 2009, mashamba ya matoke ya Naalya, Najjera na Kyaliwajjala yaligeuka ploti tukiangalia. Upande wa chini, Namanve ina eneo la viwanda, na wafanyakazi wake wengi wanapanga Bweyogerere na Kireka katika vile vyumba kimojakimoja ambavyo Waganda huviita mizigo. Nakumbuka kijana mgeni kutoka Bunia aliyeandikiwa “muzigo wa kupanga” akadhani anatafutwa kuli.

Kwa hiyo ndiyo, mji unakua. Ila kukua kwa mji ni jambo moja na kukua kwa duka lako ni jingine, na kuvifunga viwili hivyo kwenye ploti moja ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwa watu waliopata kiinua mgongo. Mahali pazuri pa kulala panataka utulivu, kilima, maji yasiyosimama, majirani wanaolala mapema. Mahali pazuri pa hadiwea panataka vumbi, kelele, na lori linaloweza kugeuza bila kumgonga mtu. Ukitafuta ploti moja yenye yote, utalipia bei ya barabarani kwa ajili ya chumba cha kulala.

Tena mbele ya barabara kuna mtego wake. Mwaka 2016 nilipanga duka Najjera, nikafungua ofisi ya uthamini. Mbele kulikuwa na veranda nzuri, nikaweka viti. Asubuhi moja nikakuta alama ya X nyekundu ukutani. Veranda yote ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mwenye nyumba alikuwa akijua, ofisi iliyoidhinisha plani ilikuwa ikijua, aliyekuwa hajui ni mthamini, mimi, mtaalamu wa watu wengine. Ikavunjwa, mtaro ukachimbwa, na kwa miezi minane wateja walinifikia kwa kupita juu ya ubao. Barabara nyingi za Kira bado zinasubiri kupanuliwa, kuna fedha za Benki ya Dunia za kuendeleza miji ya Kampala Kuu na Kira imo. “Hatua chache kutoka kwenye lami” yaweza kuwa sifa, yaweza kuwa X ambayo haijapakwa rangi.

Na uangalie chini unapokanyaga. Eneo lile lote ni vilima na mabonde, na mabonde yale yalikuwa mafunjo. Muuzaji mjanja humwaga lori kumi za maramu, akasawazisha, akaweka kigingi chenye utepe. Wewe usiitazame ploti yake, itazame ya jirani. Ukiona magimbi yamestawi majani mapana kama masikio ya tembo, ardhi ile inakunywa maji mwaka mzima. Nenda mvua ya Aprili au ya Novemba ikishanyesha, simama pale saa moja. Mwezi wa Juni mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, iliingia kwenye bonde la Lubigi upande ule mwingine wa Kampala, ikabomoa nyumba za watu waliosema wamenunua halali. Karatasi walikuwa nazo.

Hadiwea sasa. Nakupongeza kwa kuchagua kitu ambacho mji unaojengwa unakihitaji, lakini angalia ujenzi uko hatua gani. Tembea mtaa kwa mtaa uhesabu. Ukiona misingi na kuta zilizoegemezwa miti ya mkaratusi, watu wananunua simenti, nondo na mabati. Ukiona kuta zimepigwa plasta na madirisha hayajawekwa vioo, wanataka mabomba, nyaya, vigae na rangi. Ukiona mapazia na antena, simenti imekwisha kazi yake pale. Sasa wanataka gesi, dawa, mboga na fundi wa kufuli. Sehemu kubwa ya Kyaliwajjala imeshafika mapazia. Ukiingia ndani zaidi, bado mikaratusi imesimama. Na hadiwea mpya ikifunguliwa mahali palipofika mapazia inakufa polepole, mwenyewe akilaumu uchawi.

Simenti itakuletea watu, faida itakuja na vitu vidogo. Mfuko wa kilo 50 kila mtu anajua bei yake, ukiongeza kidogo mteja anavuka barabara. Faida iko kwenye misumari, kona za bomba, vitasa, bawaba, waya wa kufungia nondo, brashi. Mfuko wenyewe unaula mtaji: ukiuweka sakafuni unavuta unyevu, miezi mitatu unakuta jiwe lenye nembo ya kiwanda. Upange juu ya mbao, mbali na ukuta, na mfuko wa zamani utangulie kutoka.

Pia mteja wako si yule mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko kazini mjini au yuko Dubai. Anayenunua ni fundi, na fundi anataka vitu viwili: umfungulie saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na asiondoke mikono mitupu. Hicho kidogo chake kila duka linampa, usijifanye mtakatifu. Ila mkopo usimpe. Andika kwa kalamu nene ukutani na ushikilie, hata akikuita afande mara kumi kwa sauti tamu. Vibarua wakikudai huku fundi amehamia kazi ya Gayaza, hutamkamata kwa kitambulisho cha jeshi.

Kuhusu kodi, jambo moja ambalo wenye hadiwea huligundua wamechelewa. Mfanyabiashara mdogo hutozwa kwa mauzo yake, si kwa faida, na kwa miaka mingi mpaka wa huyo “mdogo” umekuwa mauzo ya shilingi milioni 150 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: ni kama 411,000 kwa siku. Kwa muuza nyanya ni mbali. Kwa muuza simenti na nondo ni asubuhi moja nzuri, na humo ndani chako ni kidogo mno. Ukiuvuka mpaka huo unahesabiwa kwa faida, na faida inaonyeshwa na vitabu. Viweke tangu siku ya kwanza, maana asiye na vitabu anakadiriwa, na makadirio hayajawahi kumpendelea mtu. Leseni ya biashara utailipa manispaa. Hiyo haina hadithi.

Kama ungekuwa mdogo wangu, ningekwambia hivi. Usinunue kitu mwaka huu. Njoo wewe kwanza, familia ibaki Arua watoto wamalize muhula. Panga duka, si ploti, ndani kwenye mikaratusi, mahali pa kuweka mchanga na lori kugeuza. Kodi ya pango ikifika 500,000 au zaidi, sheria ya wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa maandishi. Hata ikiwa 200,000 wewe andika. Duka na bidhaa zisipite milioni 25, na anza na vitu vidogo, simenti mifuko thelathini tu ya kuvutia macho. Milioni 10 ziende mahali ambapo wewe mwenyewe utapata tabu kuzitoa, hizo ni ada za wale wawili wa sekondari. Zilizobaki, 35, ndizo za ardhi, na zisitoke kabla duka halijamaliza miezi kumi na miwili.

Kwa milioni 35 hutapata ploti yenye hati kando ya lami ya Namugongo. Sahau hiyo. Utapata ndani, au utavuka kuelekea Mukono, juu ya kilima, kwa barabara ya udongo. Ndipo pa kulala. Asubuhi unashuka kwa bodaboda hadi dukani, dakika ishirini. Wanaoumia na umbali huu ni wale wa ofisini, ambao wanaondoka saa kumi na moja kukwepa jamu ya magari ya Barabara ya Jinja na kurudi usiku wakiwa wamesinzia kwenye teksi. Wewe hutakuwa mmoja wao, na hiyo ni faida ambayo hukuitaja kwenye barua.

Maisha ya kawaida nitayapitia haraka. Maji ya bomba yanafika sehemu nyingi lakini hukatika, kwa hiyo tangi la mvua lijengwe pamoja na nyumba. Umeme ni wa kulipa kabla, nao tangu Aprili 2025 uko mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL. Bomba la majitaka usilitarajie, weka shimo lako na uliweke mbali na kisima cha jirani. Takataka uliza zinakokwenda kabla hujahamia: dampo la Kiteezi lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kufunika watu, Kampala nzima na viunga vyake viligundua havina jibu la swali hilo. Shule ni nyingi kuliko maduka ya chapati, nzuri ni chache, na mama watoto atazijua kabla yako kwa kuuliza kanisani au msikitini.

Kiluganda ujifunze. Najua Kiswahili kimepewa hadhi ya lugha rasmi, na ninafurahi. Lakini kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili kikipigwa kwa sauti ya juu bado kinawakumbusha usiku fulani wa zamani na buti za askari mlangoni. Siyo wewe, lakini sauti yako inafanana. Sema “ssebo” kwa bwana na “nnyabo” kwa mama, piga magoti kidogo kwa maneno, uliza habari za nyumbani kabla ya bei. Fundi wa Kirundi na Mkongo watakuja kwako kwa sababu ya Kiswahili hata hivyo, na Mbuya kambini si mbali, wenzako watakutafuta.

Kwa sasa fanya jambo dogo. Mtumie broka ujumbe leo: “Naomba namba ya bloku na ploti, jina la mwenye mailo na risiti ya mwisho ya busuulu.” Usiongeze salamu ndefu. Akikutumia hizo tatu, niandikie tena, tutaendelea. Akikutumia picha ya karatasi ya LC yenye muhuri wa bluu na kukuambia kuna mteja mwingine kutoka Sudan Kusini anayekuja kesho na hela taslimu, mwache huyo wa Sudan Kusini anunue.